Usisaini Kabla Hujashuka Korongoni

Mwanangu Neema,

Umetoka sasa hivi kwenda Magomeni kumuaga shangazi yako, na mama yako yuko uani anakaanga maandazi ya safari. Mimi nimebaki chumbani na daftari lako la zamani la jiografia, lile ulilolijaza nusu tu. Ni alasiri. Tangu niandike jina lako hapo juu nimeshasimama mara tatu. Mara ya kwanza nilikwenda kuangalia kama kamba ya sanduku lako imekaza. Mara ya pili nilikwenda kuiangalia tena. Mara ya tatu mama yako akanipigia kelele: "Baba Neema, mbona unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia? Kaa chini, au njoo unikandie unga!"

Sikwenda kukanda unga. Nimerudi hapa.

Mambo ya sweta, ya ndimu za kunusa kwenye basi, ya kumwamkia mwenyekiti wa kijiji siku ile ile utakayofika, mama yako ameshayamaliza. Amekuambia hata ugawe sukari kwenye makopo mawili na ufiche moja. Sina la kuongeza hapo. Mimi nina neno moja tu, nalo ni la ile karatasi.

Jumamosi iliyopita ulikuja ukaniwekea ile hati mezani, hati ya kukabidhiwa mabwawa ya majitaka ya zahanati na shule kule juu Usambara, unakokwenda kuanza kazi. Ulikuwa umeikunja mara nne kama mtu anayeficha barua ya mchumba. Ukasema, "Baba, hapa pameandikwa mabwawa matatu. Nilipokwenda na mwalimu wetu mwezi uliopita niliyaona mawili. La tatu ni shimo tu. Mbuzi wamelala ndani."

Nikasema, "Labda wameshalimaliza."

"Kwa saruji ipi, Baba?"

Nikacheka, maana wote tunajua saruji ilivyo adimu siku hizi. Nikakuuliza bomba la mwisho linamwaga wapi. Ukasema korongoni. Chini ya korongo kuna nini? Kuna chemchemi, ukasema, na kitongoji kizima cha chini kinachota hapo. Ukasema pia kwamba mhandisi wenu anataka saini yako wiki ya kwanza, kwa sababu mgeni rasmi anakuja kufungua mradi na hotuba imeshapigwa chapa.

Halafu ukaniuliza, "Nisaini?"

Nami nikakujibu, "Saini tu, mama. Usianze kazi kwa ugomvi. Ukishazoeleka utarekebisha."

Ulikunja karatasi yako bila kubisha. Najua ulivyo. Tangu ukiwa mdogo, nikisema jambo ambalo halikuingii akilini, unanyamaza na kuangalia vidole vya miguu yako. Jumamosi uliviangalia sana. Tangu siku hiyo silali vizuri, na mama yako anadhani ni huzuni ya kuachwa na binti. Huzuni ipo. Lakini sio hiyo inayoninyanyua kitini.

Neema, nilikujibu vile kwa sababu mimi nilishafanya jambo la namna hiyo, nikalinyamazia, na maisha yakaendelea. Mtu akishanyamaza mara moja na asipigwe na radi, huanza kudhani kunyamaza ni busara.

Unajua mtaa mzima unaniita Bwana Maji. Jina hilo sikujipa, lakini sikulikataa. Tulipohamia nyumba hii, mwenye nyumba aliniuliza nafanya kazi wapi, nikasema, "Idara ya maji." Sikusema maji gani. Miaka yote ile ulipokuwa mdogo nilioga kazini, nikabadili nguo kazini, nikaja nyumbani nimepaka mafuta ya nazi kama karani. Niliona haya. Nilikuwa nashuka kwenye chemba mpaka kiunoni, nikizibua kwa mikono yangu vitu ambavyo watu wa Kariakoo hawataki hata kuvitaja, kisha napita mbele yao wananisalimu kwa heshima ya mtu anayewaletea maji ya kunywa. Ndiyo maana uliponiambia chuoni umechagua majitaka, sikukupongeza. Nilitoka nikatembea mpaka Msimbazi na kurudi bila kununua kitu. Ulidhani nimekasirika. Nilikuwa nimeshikwa na aibu, kwa sababu ulilisema neno hilo kwa sauti ya kawaida, mlangoni, majirani wakisikia.

Sasa nikueleze.

Ulikuwa na miaka minane. Ilikuwa masika, na mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi mfululizo. Chemba kubwa ya upande wa sokoni ilifura, mfuniko ukanyanyuka, na uchafu ukatapakaa barabarani kati ya mikokoteni na mafungu ya ndizi. Wakati wowote mwingine tungezibua taratibu, siku mbili au tatu. Lakini kesho yake msafara wa mgeni ulikuwa upite pale. Mkubwa wangu alikuja akasimama mbali, kitambaa puani. Akaniambia, "Mnyapara, asubuhi nataka barabara kavu. Sitaki kujua utafanyaje."

Nilijua namna ya kufanya. Kulikuwa na mlango wa chuma wa zamani chini ya ardhi, unaofunguliwa kwa gurudumu. Ukiufungua, majitaka yanaacha bomba lake na kuingia kwenye mtaro wa mvua, na mtaro unashuka mpaka bonde la Jangwani. Niliufungua. Saa moja tu barabara ikawa kavu. Mkubwa alinipiga begani.

Sisi wafanyakazi wa chini tulikuwa na desturi yetu, ambayo haikuandikwa popote. Ukifungua mlango wowote, unafunga kitambaa chako kwenye gurudumu. Kila mtu kikosini alikuwa na rangi yake. Changu kilikuwa cha bluu. Mwenzako akishuka akakiona, anajua mlango uko wazi, anajua nani kaufungua, na hagusi mpaka mwenyewe aje. Lakini asipokuona siku ya pili, anakutafuta mpaka nyumbani kwako. Desturi hiyo ilituokoa maisha zaidi ya mara moja.

Nilifunga kitambaa changu. Jioni, msafara ulipokwisha pita, nilishuka kuufunga mlango. Gurudumu halikuzunguka. Kutu ilikuwa imelishika. Nilivuta mpaka ngozi ya viganja ikachubuka. Ilibidi nitoe taarifa, waje na mitambo, wachimbe, waulize nani aliufungua na kwa amri ya nani. Na amri haikuwa na maandishi. Nilijua mkubwa atasema hakunituma.

Basi nikakifungua kitambaa changu nikakitia mfukoni.

Nimesimama tena. Nimekwenda mpaka barazani, nikamkuta kijana wa mkokoteni anagombana na mtu juu ya gunia la viazi. Nikasikiliza kana kwamba ni kesi yangu, kisha nikarudi. Naendelea.

Mlango ulikaa wazi siku kumi na moja. Kila siku nilijiambia kesho nitasema. Siku ya kumi na moja mwenzetu mmoja, Mzee Kondo, alishuka kwa shughuli nyingine, akaona. Akakusanya watu wakaufunga kwa nyundo na mafuta. Alipopanda juu aliuliza mbele yetu sote, "Nani kafungua mlango bila kitambaa? Mshenzi gani huyo?" Nami nikasema pamoja na wengine, "Mshenzi kweli."

Unajua kule bondeni watu wanalima mboga. Wanamwagilia kwa maji ya mtaro, kwa makopo, asubuhi na jioni. Siku zile nilikuwa na rafiki mkulima, na nilizoea kupitia kwake kila Ijumaa kukununulia matango, kwa sababu uliyapenda na chumvi. Ijumaa mbili zile nilipita pia. Nilinunua. Sijui nilikuwa nawaza nini. Nadhani nilikuwa najilazimisha kuamini kwamba hakuna kilichotokea, na mtu anayeamini hivyo hununua matango yake kama kawaida. Mama yako aliyasuuza kwenye ndoo, ukala umekaa kizingitini ukitingisha miguu.

Haukupita muda ukashikwa na homa ya matumbo.

Hospitali unaikumbuka kidogo, umeniambia unakumbuka dari tu. Mimi nakumbuka yote. Nywele zako zilitoka zikabaki kwenye mto. Mama yako alikuwa anakuita jina na wewe unamwangalia kama mgeni. Daktari akatuuliza umekula nini. Mama yako akajibu haraka, "Barafu! Anakula barafu za ukwaju kila siku kwa yule Mwarabu!"

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Nilijua kuhusu matango. Nikanyamaza.

Neema, nikuambie ukweli wote, hata ule unaonisaidia: siwezi kuapa kwamba ni matango. Maji hayaachi alama ya kidole. Huenda kweli yalikuwa mambo mengine. Lakini naweza kuapa hivi: nilikuwa na sababu ya kumwambia daktari, na sikumwambia. Na katika wodi ile mlikuwa na watoto wengine, mmoja alitoka kwenye familia ya bondeni. Kitanda chake asubuhi moja kilikuwa kimetandikwa upya. Sikuuliza.

Bi Salma unamjua. Nyumba ya tatu kutoka kwetu, yule mama mwenye jokofu, ndiye huyo Mwarabu wa barafu, mume wake alikuwa na duka la vitambaa. Mama yako alikwenda mlangoni kwake akapiga kelele mpaka watu wakajaa. Balozi wa nyumba kumi akaitisha kikao. Bi Salma alisema, "Nachemsha maji yangu mimi, jamani. Njooni muone sufuria." Hakuna aliyekwenda kuona sufuria. Akaambiwa aache kuuza. Watoto wakamtungia wimbo wa kumzomea. Mimi nilikaa kwenye kikao hicho, mstari wa mbele, baba wa mgonjwa, kila mtu ananipa pole.

Ulipopona, ulitoroka siku moja ukaenda kumsalimia. Nilikuchapa. Nilikuchapa sana kwa kandambili, nikikuambia barafu zilitaka kukuua. Tangu siku hiyo ukawa unavuka barabara kila ukifika kwake. Mpaka leo, msichana wa miaka ishirini mwenye cheti cha ufundi, nakuona unavuka barabara bila kujua kwa nini unavuka. Hilo ndilo nililokufanyia. Homa ilikuwa ya Mungu kuamua. Kandambili ilikuwa yangu.

Nilipofika hapo kwenye barua, kalamu ilikataa. Niliona siwezi kukuambia wewe kabla ya kumwambia yeye. Nikavaa shati, nikatoka.

Nimerudi sasa. Jua limeshuka, mama yako amewasha taa, nawe hujarudi bado. Nikueleze kabla sijasahau maneno yalivyokuwa.

Nilimkuta kibarazani anashona kofia. Nikasema, "Shikamoo, Bi Salma."

"Marahaba. Karibu, Baba Neema. Umepotea njia?"

Nikamwambia sikupotea. Nikakaa kwenye ngazi. Nikamwambia yote, ya gurudumu, ya kitambaa, ya matango. Nilisema haraka, macho chini. Yeye hakuacha kushona. Nilipomaliza alikata uzi kwa meno.

"Miaka kumi na miwili," akasema. "Ulimi wako ulikuwa umekwenda hija?"

Nikasema, "Naomba unisamehe."

"Subiri kwanza. Unataka nilie? Nikupikie kahawa? Ningejua ni wewe, Bwana Maji, ningekutilia chumvi kwenye barafu zako. Maana wewe pia ulikuwa unakula. Nakukumbuka, mbili mbili, unajificha mkeo asikuone."

Ni kweli, nilikuwa nakula. Wala sikuugua. Hilo nalo nilikuwa nalijua.

Nikamwambia nitafanya lolote atakalo. Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Mimi usinieleze. Mimi nilijua tangu siku ile kwamba sufuria yangu safi. Ulichokuja kunipa ninacho. Wasiojua ni wao." Akaonyesha mtaa kwa sindano. "Waambie wao. Mahali pale pale, kwenye kikao, mbele ya balozi. Na mkeo akiwepo. Msamaha wangu utanikuta hapa hapa nashona."

Nikamuuliza kama naweza kukuambia wewe. Akasema, "Umwambie asivuke barabara. Magari siku hizi yanakimbia."

Kikao ni Jumapili. Nitasema. Nimeandika hapa ili nisipate njia ya kurudi nyuma, maana najifahamu. Nitakapokwisha kusema, sijui kazini watanifanya nini, na nimebakiza miaka miwili nistaafu. Mama yako nitamwambia kabla, labda kesho tukitoka kituoni. Huyo ndiye ninayemwogopa kuliko wote, kwa sababu alipiga kelele mlangoni kwa mtu asiye na kosa, na mimi nilimwacha apige.

Sasa turudi kwenye karatasi yako.

Nilikuambia usaini halafu utarekebisha. Hakuna kitu kama hicho. Ukishasaini kwamba mabwawa ni matatu, kila siku inayofuata utakuwa unalilinda bwawa lisilokuwepo. Utaogopa kuomba saruji, maana utaombaje saruji ya bwawa ulilokwisha kulipokea? Mtoto wa kitongoji cha chini akiugua, hutamuuliza mama yake amechota wapi, kwa sababu utakuwa unajua jibu. Nilidhani nakitia kitambaa mfukoni kwa siku moja. Nimekibeba miaka kumi na miwili.

Na usidhani ni jambo dogo la kuhesabu mashimo. Wewe umesoma kunishinda, lakini nimekaa na uchafu muda mrefu kuliko vitabu vyako. Vile vijidudu vinavyoula uchafu ndani ya bwawa ni wafanyakazi wazuri kwenye joto letu hili la pwani. Kule juu kuna ukungu na baridi, navyo hupiga kazi kivivu. Maji yanahitaji kukaa muda mrefu zaidi, yapite bwawa la kwanza yaache tope, la pili yageuke kijani, la tatu yatulie. Mahali penye joto ungeweza kubishana juu ya hilo la tatu. Mlimani huwezi. Hilo la tatu ndilo linalowatenganisha watu wa chini na choo cha zahanati.

Mimi nimezaliwa mlimani, Kilimanjaro, na kwetu tulikuwa na mifereji ya kumwagilia migomba. Aliyepewa zamu alitakiwa kushuka na maji kwa miguu yake mpaka kwa mtu wa mwisho, ndipo afungulie shamba lake. Nilipotumwa nilikuwa naishia katikati, napaza sauti kwamba nimefika. Hakuna aliyenikamata. Labda wangenikamata ningekuwa mtu mwingine.

Kwa hiyo siku ukifika, kabla hujaonana na mhandisi kama ikiwezekana, shuka korongoni. Shuka kwa miguu yako mpaka kwenye chemchemi. Kaa pale wanawake wakija kuchota. Wasalimie, waulize majina ya watoto wao. Halafu panda ukaisome ile hati tena. Nadhani mkono wako wenyewe utakataa. Kama hautakataa, basi saini, na kosa litakuwa langu kwa namna nilivyokulea.

Watakukasirikia. Mhandisi ataona binti mdogo anamharibia sherehe. Huenda wakakuandika barua ya onyo, huenda wakakuhamisha, huenda ukarudi hapa na sanduku lako mwezi ujao. Mimi niliogopa hayo yote, na nilipoyaepuka sikupata raha niliyokuwa naitafuta. Ukirudi, rudi. Chumba chako hakitapangishwa. Na andika kwenye karatasi ile ile, chini ya mahali pa saini, kwa mkono wako mzuri: mabwawa ni mawili, la tatu halijajengwa, maji yanakwenda chemchemini. Wakikuuliza nani amekufundisha, wape jina langu na kazi yangu kamili. Sema baba yangu ni mnyapara wa majitaka. Liseme neno hilo kama ulivyolisema mlangoni siku ile.

Neno langu la Jumamosi nimeliondoa. Usisaini.

Nasikia sauti yako nje, unamwamkia mtu. Nilikuwa nimepanga kuifunga barua hii ndani ya khanga zako, uikute ukiwa umefika mbali, mimi nikiwa siko mbele yako. Mpango huo nimeuacha. Basi linaondoka saa moja asubuhi. Nitakuamsha saa kumi, nikuwashie taa, nikupe daftari mkononi, kisha nikae kwenye kiti kile cha mlangoni mpaka umalize kusoma. Uniulize unachotaka. Sitasimama.

Baba yako.